Paul Robeson: Besi Aliyekataa Kunyamazishwa

Kila askari aliyepitia uwanja wa gwaride anafahamu kwamba sauti za binadamu hazilingani. Yuko afande ambaye amri yake hupaa juu kama firimbi, ikafika mwisho wa safu katika nukta moja. Yuko na mwingine ambaye sauti yake hutoka chini kabisa ya kifua, ikanguruma kama ngoma kuu, hata kuruta aliye mbali akadhani ardhi inatikisika. Wote wawili hutiiwa, wala hapana hata mmoja aliyejichagulia sauti yake. Mwanadamu huzaliwa na sauti. Wajibu wake ni kuitambua ni ya aina gani na kuitumia mahali panapoifaa.

Leo, ndugu msomaji, tunasimulia maisha ya marehemu Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyejaliwa mojawapo ya sauti nzito zilizosifika sana katika karne ya 20. Huyu ni mtu aliyejifunza lugha hii hii ya Kiswahili, ambaye mkewe na mwanawe walifika hapa Uganda, na ambaye serikali ya nchi yake ilimfungia mipaka kwa miaka minane ili sauti yake isisikike ng'ambo.

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani katika jimbo la North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Baada ya uhuru alijisomesha hata akawa mchungaji. Mama yake, Maria Louisa, alifariki mwaka 1904 kwa ajali ya moto nyumbani, Paul akiwa bado hajatimiza miaka 6. Malezi yakabaki mikononi mwa baba, mzee aliyekuwa na sauti nene ya mimbarini, na hapana shaka kwamba mwana aliirithi.

Mwaka 1915 kijana huyo alipata nafasi ya masomo bila malipo katika Chuo cha Rutgers, akawa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu chuo hicho kuanzishwa. Alipojaribu kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, wachezaji wenziwe weupe walimvunja pua siku ya kwanza ya mazoezi ili aondoke. Hakuondoka. Katika miaka ya 1917 na 1918 alichaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa Marekani nzima, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wahitimu wote. Akaenda Chuo Kikuu cha Columbia kusomea sheria, akafuzu mwaka 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani mmoja mweupe alikataa kuandika maneno aliyotamkiwa na mtu mweusi. Robeson akaona kwamba mlango huo umefungwa, akauacha uanasheria na kushika njia ya jukwaa.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze jinsi wataalamu wa muziki wanavyozipanga sauti, maana bila ya kulijua jambo hilo hatutaelewa yaliyompata Robeson.

Ndani ya koo la mwanadamu zimo nyama mbili ndogo kama kanda, ambazo hutetemeka pumzi inapopita. Zikiwa ndefu na nene hutetemeka polepole na kutoa sauti nzito. Zikiwa fupi na nyembamba hutetemeka haraka na kutoa sauti nyembamba. Besi hodari akishuka hadi chini kabisa, kanda zake hutetemeka mara 82 hivi kwa nukta moja. Tenori akipanda hadi kilele chake hufikia mara 520 hivi, na mwanamke mwenye sauti ya soprano hupita mara 1,000.

Opera ni mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku kundi kubwa la wapiga ala likiwasindikiza waimbaji. Kwa desturi mwimbaji wa opera hapewi kipaza sauti. Hana budi kusikika juu ya ala zote kwa nguvu ya pumzi yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo sauti hupangwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa wanawake kuna soprano iliyo juu, mezo-soprano ya kati, na kontralto iliyo chini. Kwa wanaume kuna tenori iliyo juu, baritoni ya kati, na besi iliyo chini. Mwalimu mwenye ujuzi hatazami tu mwanafunzi anafika juu kiasi gani au chini kiasi gani. Husikiliza sauti inastarehe wapi, ina rangi gani, ina uzito gani, na inabadilika wapi inapopanda. Watu wawili wanaweza kuifikia nota ile ile, mmoja akaiimba kwa raha na mwingine akaiparamia kama mtu apandaye ukuta. Huyo wa pili akilazimishwa siku nyingi, sauti yake huharibika.

Tuchukue mfano wa Aida, opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Kisa chake ni cha vita kati ya Misri na Ethiopia. Aida, binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa, ni soprano. Mshindani wake Amneris, binti mfalme wa Misri, ni mezo-soprano. Radames, jemadari wa jeshi la Misri aliyenaswa kati ya mapenzi na kiapo chake cha kijeshi, ni tenori. Amonasro, mfalme wa Ethiopia, ni baritoni. Mfalme wa Misri na kuhani mkuu Ramfis ni mabesi. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa opera: kijana mpenzi huwa tenori, wafalme wazee, makuhani na mashetani huwa mabesi. Katika nyumba za opera za Ujerumani mwimbaji huajiriwa kwa aina ya sauti yake, akapewa kazi za aina hiyo, kama vile jeshini mpiga mizinga asivyopelekwa kuwa fundi wa redio.

Basi Robeson alikuwa aina gani? Wengi walimweka katika daraja la besi. Wengine walimwita besi-baritoni, kwa kuwa sehemu ya juu ya sauti yake ilikuwa na ulaini ambao mabesi wengi hawana. Alipoanza hakuwa amepitia chuo cha uimbaji. Alichokuwa nacho ni sikio la kujua sauti yake inastarehe wapi, na rafiki mwema, mpiga piano Lawrence Brown, aliyempangia nyimbo katika kimo kinachomfaa na kumwitikia kwa sauti yake ya juu. Tarehe 19 Aprili 1925 mjini New York wawili hao walifanya onyesho lililokuwa na nyimbo za watu weusi peke yake, zile zilizozaliwa mashambani wakati wa utumwa. Watu walijaa ukumbini, na wengine wakakosa nafasi. Tangu siku hiyo jina la Robeson likaenea.

Yeyote angedhani kwamba mtu mwenye sauti kama hiyo angeitwa mara moja kwenye opera. Haikuwa hivyo. Katika nyumba kubwa ya opera ya New York, Metropolitan, juu ya madaraja yale sita ya sauti palikuwa na daraja jingine ambalo halikuandikwa katika kitabu chochote cha muziki, nalo ni rangi ya ngozi. Mwaka 1924 Robeson alikuwa amecheza jukwaani sehemu ya Brutus Jones, mtu mweusi anayejifanya mfalme wa kisiwa, katika mchezo wa Eugene O'Neill uitwao The Emperor Jones, akasifiwa sana. Mchezo huo ulipogeuzwa kuwa opera na mtunzi Louis Gruenberg, ukaonyeshwa Metropolitan tarehe 7 Januari 1933. Sehemu ya Jones iliimbwa na baritoni Lawrence Tibbett, mtu mweupe aliyepakwa rangi nyeusi usoni. Mwaka huo huo Robeson aliicheza sehemu ile ile katika sinema. Iliwachukua wakuu wa Metropolitan miaka 22 kamili, hadi tarehe 7 Januari 1955, kumruhusu mwimbaji mweusi kusimama hapo kama mwimbaji mkuu. Aliyefungua mlango alikuwa Marian Anderson, mwenye sauti ya kontralto. Baada ya majuma machache akafuata baritoni Robert McFerrin, ambaye aliimba sehemu ya Amonasro, yule mfalme wa Ethiopia.

Lakini haki inatutaka tuseme pia kwamba Robeson mwenyewe hakukaa mlangoni akibisha. Katika miaka ya 1930 aliamua kwamba hataijenga kazi yake juu ya opera za Kitaliano na Kijerumani, bali juu ya nyimbo za watu wa kawaida: wakulima, wachimba madini, mabaharia na watumwa. Alijifunza Kirusi, akaimba kazi za Mussorgsky, mtunzi aliyewapa mabesi heshima kubwa. Aliijua sauti yake, akaitafutia uwanja wake mwenyewe.

Uwanja mmoja ulikuwa tamthilia ya Othello. Hapo napo tunaona jinsi madaraja yanavyoweza kumfungia mtu. Verdi alipoigeuza tamthilia hiyo ya Shakespeare kuwa opera mwaka 1887, alimpa jemadari Othello sauti ya tenori yenye nguvu nyingi. Kwa hiyo hata kama rangi isingekuwa kikwazo, Robeson asingeweza kuimba sehemu hiyo. Lakini katika tamthilia yenyewe, ambayo husemwa, Shakespeare hakumpangia askari wake daraja la sauti. Robeson alimcheza London mwaka 1930, kisha New York kuanzia Oktoba 1943, kwa maonyesho 296. Idadi hiyo haikuwa imepata kufikiwa na mchezo wowote wa Shakespeare katika majumba ya Broadway. Watazamaji wakaona jemadari mweusi mwenye heshima, na sauti yake ikiwa ya besi.

Mwaka 1928 alikuwa amekwenda London kuimba katika mchezo wa Show Boat, akakaa Uingereza kwa miaka mingi. Huko alikutana na wanafunzi na wanasiasa wa Kiafrika, akatambua kwamba asili yake ni jambo la kujivunia. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, akasoma elimu ya matamshi na Kiswahili. Hivyo lugha ya makambi yetu ilikuwa mojawapo ya ngazi alizopandia kuirudia Afrika.

Si kila hatua yake ilikuwa sahihi. Mwaka 1935 ilitolewa sinema ya Sanders of the River, ambamo Robeson alicheza sehemu ya mtemi mweusi, na Jomo Kenyatta, wakati huo akiwa London, akaonekana katika sehemu ndogo. Baadhi ya picha zake zilipigwa Afrika, na Waacholi wametajwa mwanzoni mwa sinema hiyo miongoni mwa makabila yaliyoshiriki. Robeson alikubali kazi hiyo akitumaini kuonyesha utamaduni wa Kiafrika. Sinema ilipokamilika aliona kwamba imekuwa sifa kwa ukoloni wa Kiingereza, akasikitika sana, na baadaye akaikana hadharani. Ni wachache wenye ujuzi wa kukiri kosa lao mbele ya dunia.

Mwaka 1936 mkewe, Eslanda, aliyekuwa akisomea elimu ya tamaduni za watu, alisafiri Afrika pamoja na mtoto wao Paul mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka 8. Walipita Afrika Kusini, kisha wakafika Uganda na kwenda hadi Toro, ambako Eslanda alichunguza maisha ya wafugaji. Mwana wa mfalme wa Toro, Akiki Nyabongo, alikuwa rafiki wa familia hiyo tangu Uingereza. Habari za safari hiyo alizichapisha katika kitabu mwaka 1945. Robeson hakufuatana nao, lakini mwaka uliofuata safari hiyo, 1937, alishiriki katika kuunda kamati ya mambo ya Afrika huko Marekani, ambayo aliiongoza kwa miaka mingi kutetea uhuru wa bara hili.

Januari 1938 alikwenda Hispania, nchi iliyokuwa katika vita dhidi ya majeshi ya Jenerali Franco. Hakubeba bunduki. Aliwaimbia askari wa Jamhuri karibu na mstari wa mbele na majeruhi hospitalini. Anayejua maisha ya askari anafahamu thamani ya wimbo usiku wa kuamkia mapambano.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Marekani iliingiwa na hofu ya ukomunisti, na Robeson, aliyeisifu Urusi waziwazi, akahesabiwa adui. Tarehe 27 Agosti 1949 alitazamiwa kuimba karibu na mji wa Peekskill, jimbo la New York. Kundi la wahuni likawavamia watu na kuzuia onyesho. Robeson akarudi tarehe 4 Septemba. Watu kiasi cha 20,000 walihudhuria, na wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wengi wao wakiwa askari waliopigana vitani, walisimama bega kwa bega kuuzunguka uwanja. Wengine walimzunguka yeye jukwaani, wakiweka miili yao iwe ngao asipigwe risasi. Akaimba. Wakati watu wanaondoka, magari yao yalipigwa mawe njia nzima, na watu zaidi ya 140 wakajeruhiwa.

Jambo hili lawahusu sana wasomaji wetu wa polisi. Polisi walikuwapo kwa wingi siku hiyo, lakini walilaumiwa kwa kuacha mawe yarushwe, na picha zilionyesha baadhi yao wakishiriki kumpiga kwa virungu Eugene Bullard. Mzee huyo mweusi aliipigania Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza na alikuwa rubani wa ndege za kivita mwaka 1917. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kumpiga. Askari anayechagua ni raia gani wa kumlinda na ni yupi wa kumwacha huwa ameivua sare yake mwenyewe, hata kama bado ameivaa.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson hati ya kusafiria. Kumbi zikafungwa mbele yake, na mapato yake yakaporomoka. Basi sauti ikatafuta njia nyingine. Tarehe 18 Mei 1952 alipanda juu ya lori mpakani mwa Marekani na Kanada, akaimba akiwa upande wake wa mpaka, na maelfu ya watu wakamsikiliza, wengine wakiwa upande wa pili. Mei 1957 aliimba mjini New York, na watu waliokusanyika ukumbini London wakamsikia kwa njia ya waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Oktoba mwaka huo huo wachimba madini wa Wales nao walimsikia kwa njia hiyo. Serikali ilikuwa imeuzuia mwili, lakini besi ile ilipita chini ya bahari.

Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyoletwa na watu wengine, kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia hati ya kusafiria kwa sababu ya mawazo yake. Robeson akapata hati yake, akasafiri tena. Mwaka 1959 alicheza Othello kwa mara ya mwisho huko Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare.

Tarehe 9 Novemba 1960 alikuwa Sydney, Australia, ambako nyumba kubwa ya opera ilikuwa ikijengwa. Ilikuwa bado ni vyuma na zege tu. Haikufunguliwa hadi mwaka 1973. Robeson alisimama katikati ya kazi ile, akawaimbia mafundi na vibarua waliokuwa wamepanda juu ya majukwaa ya ujenzi. Hivyo msanii wa kwanza kuimba katika nyumba ile ya opera alikuwa mtoto wa mtumwa, mtu ambaye wenye opera wa nchi yake hawakumpa nafasi, na wasikilizaji wake walikuwa wajenzi.

Baada ya hapo afya yake ilidhoofika. Mwaka 1963 alirejea Marekani, na Desemba 1965 Eslanda akafariki. Robeson aliishi kwa utulivu katika nyumba ya dada yake mjini Philadelphia, hadi alipoaga dunia tarehe 23 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 77.

Tumesema kwamba sauti hupangwa kwa kimo, rangi na uzito. Upangaji huo ni wa haki, kwa kuwa humsaidia mwimbaji kujua kazi yake na kuilinda sauti yake isiharibike, kama vile jeshi linavyompima kuruta kabla ya kumpa kazi. Ubaya huingia pale mpangaji anapoacha kusikiliza na kuanza kutazama ngozi, kabila au ukoo. Hapo huwa hapangi tena bali anabagua, na hasara ni ya taifa zima. Metropolitan ilipoteza sauti ya Robeson katika miaka yake bora, na miaka hiyo haikurudi tena. Kila afisa anayewapanga vijana kazini, awe wa jeshi au wa polisi, na aukumbuke mfano huo siku anaposhika orodha mkononi.